Sailensa ya Radi

Kama umewahi kulala jirani na pikipiki iliyotobolewa sailensa, wewe huna haja ya kuelezwa kitu. Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako, kisha kaa usikilize.

Mtaa wenyewe haukuwa wa kimya, tusidanganyane. Kulikuwa na mashine ya kusaga unga ambayo ikiwashwa tu, vikombe vinacheza kabatini. Kulikuwa na mchomeleaji wa milango ya chuma, anakata vyuma mpaka meno yanakufa ganzi. Kulikuwa na kinyozi aliyeamini kwamba kichwa hakinyoleki vizuri mpaka redio ikaribie kupasuka. Hawa wote walikuwa wenyeji wa siku nyingi na kelele zao zilishazoeleka, hata hakuna aliyeziita kelele tena. Kelele ilikuwa moja tu, pikipiki ya Radi.

Radi si jina alilopewa na mama yake. Mtaa ndio uliompa, na mtaa haukumuuliza kama amelipenda. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate madukani, kwa hiyo alfajiri, watu wakiwa kwenye ule usingizi mtamu wa mwisho, yeye anapiga kiki. Hapo tena basi! Mlipuko wa kwanza ulikuwa kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira, halafu inafuata ngurumo inayopanda mpaka kwenye mabati. Mbwa wanabweka. Mapacha wa chumba cha pili wanaamka wote kwa mpigo, na Mama Pacha, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefumba jicho, anakaa kitandani na kulia pamoja nao. Huyo mwanamke alikuwa na haki ya kulalamika, asilaumiwe.

Lakini kilichowachoma watu zaidi ni lile tabasamu. Radi akifokewa, anatabasamu. Akizomewa, anapunga mkono. Siku moja Mama Pacha alisimama mlangoni na khanga yake moja akamtolea uvivu, maneno ambayo hata yeye hakujua kwamba anayajua, na Radi akamwinamishia kichwa kwa heshima zote, akamwambia, "NA WEWE PIA, DADA!" Kisha akaondoka na mikate yake. Jeuri gani hiyo, jamani?

Mtu mmoja tu mtaani alijua kwamba haikuwa jeuri. Huyo ni mke wake, Msusi.

Msusi alisuka nywele kibarazani, kwenye nyumba ileile ya kupanga walimokaa na Mama Pacha, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama ulimi wake. Hakuna siri ya mtaa ambayo haikupita kwenye kile kigoda chake. Wateja waliinamisha vichwa na kumwaga yote, nani kamkimbia nani, nani kavaa kiatu cha nani. Wote walidhani kwamba mwanamke msemaji kiasi kile hana lake moyoni. Kumbe analo, na limemkaa kooni kama mfupa.

Radi alikuwa hasikii.

Ujana wake aliumalizia kwenye mashine ya kuponda mawe, bila chochote masikioni, kwa sababu msimamizi alisema vya kuzibia vinakuja, na mpaka mahali pale panafungwa vilikuwa bado vinakuja. Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki na uhai kidogo, yaani ukimsogelea, na pasiwe na kelele nyingine, anakupata. Zaidi ya hapo alisoma nyuso, na asipoelewa uso unasema nini, alitabasamu. Alishagundua kwamba tabasamu linajibu maswali mengi.

Sasa pikipiki, asikwambie mtu, huendeshwa kwa sikio. Injini ikilalamika unabadili gia, ikipumua unaiacha. Radi hakuisikia, ikawa inamzimikia njia panda, au anaipeleka kwa gia ya kwanza inalia mpaka watu wanaionea huruma pikipiki, yeye hana habari. Ndipo akaenda kwa Fundi Grisi, akamwomba aitoboe sailensa na kung'oa vile vyuma vya ndani vinavyomeza sauti.

"Unataka itoe sauti kiasi gani?" Fundi aliuliza.

"MPAKA NIISIKIE."

Fundi akadhani kijana anataka sifa, akacheka, akaitoboa. Tangu siku hiyo Radi akawa anaisikia injini yake kwa lile sikio la kushoto na kwa mifupa ya kifua. Tena alijipa moyo kwamba, kama yeye hawezi kuwasikia walioko barabarani, basi angalau wao wamsikie yeye.

Kwa nini asiseme tu? Kwa sababu ya Mzee wa Mikate. Huyo ndiye mwenye tanuri na mwenye ile pikipiki, mtu mwema lakini kwa mambo ya barabarani hana mchezo. Alishawahi kumsimamisha mwendeshaji mmoja kwa kuvaa miwani yenye ufa. Angejua kwamba huyu hasikii honi, angechukua funguo zake siku hiyohiyo, na Radi hakuwa na kazi nyingine, wala hakuna aliyekuwa anagombania mtu asiyesikia. Kwa hiyo alimshika Msusi mkono, akamkazia macho. "Hili ni letu wawili," alimwambia. "Ukilitoa nje, umenivua nguo."

Msusi akaapa.

Haya, mwanamke mwenye mume asiyesikia anaongeaje naye? Anapaza sauti. "CHAI INAPOA!" "SHATI LIKO KWENYE KAMBA!" "NIMESEMA KWENYE KAMBA!" Na Radi naye, kwa kuwa hajisikii, anajibu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Majirani wakawa wanasikia hayo asubuhi na jioni, wakafikia uamuzi wao. Hawa watu hawapatani.

"Hadi shati wanaligombania," Mama Pacha alisema. "Mimi ningekuwa nimesharudi kwetu."

Ikafika mahali Mama Mwenye Nyumba akawaita sebuleni kwake, kwenye makochi yake yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, awasuluhishe. Alikuwa mjane, mnene wa mwili na wa moyo, na kaka yake ndiye yule Mzee wa Mikate. Aliongea kwa upole, kwa sauti ya chini, kama inavyostahili.

"Wanangu, mimi nimekaa na marehemu mpaka Mungu alipomchukua, sikuwahi hata siku moja kumpazia sauti. Maneno ni yaleyale, mnaweza kuyasema taratibu."

Radi akatabasamu.

"Unanicheka, mwanangu?"

"Hakucheki, mama," Msusi alidakia. "Amefurahi tu. Yamemwingia."

Akaahidi kwa niaba ya wote wawili kwamba hawatapaza sauti tena. Wakashukuru, wakatoka, wakaingia chumbani kwao, wakafunga mlango, na Radi akauliza kwa sauti ya kutikisa bati, "KWANI ALIKUWA ANASEMA NINI?" Mama Mwenye Nyumba alikuwa hata hajanyanyuka kwenye kochi. Akatikisa kichwa, akasema ndoa hiyo haifiki popote.

Hayo yote Msusi aliyavumilia, mengine hata aliyacheka kimoyomoyo. Lililokuja kumnyima usingizi ni jingine, nalo lilikuwa la furaha. Alikuwa na mimba.

Usimpigie makofi kwanza. Hii haikuwa ya kwanza wala ya pili. Mara zote mbili zilizotangulia habari ilitoka mapema, uani pakalia vigelegele, wanawake wakaja na nguo za kitoto zilizowabana watoto wao, wakamwekea mikono tumboni. Na mara zote mbili walewale walirudi kwa kunyata kumpa pole, wakashindwa wakae au wasimame, na yeye akabaki anazungusha nguo nyumba kwa nyumba kuzirudisha. Safari hii alijiambia hapana. Safari hii atajua Radi peke yake, mpaka tumbo lenyewe lijitangaze.

Sasa Radi utamwambia vipi kitu bila kuwaambia watu wote? Chumba chao kilitengwa na cha Mama Pacha kwa ubao tu. Ubao ule ulipitisha hata chafya, na Mama Pacha, kwa ajili ya mapacha, alikuwa macho saa zote za Mungu. Msusi alijaribu ishara. Akajishika tumbo, akamtazama mumewe kwa macho ya maana. Radi akashtuka, akatoka mbio, akarudi na dawa ya kuharisha. Alijaribu alfajiri moja, mapacha wakilia upande wa pili, kuuweka mdomo kwenye sikio la kushoto na kunong'ona. Radi akajifikicha sikio kama amepitiwa na mbu, akauliza, "NINI? UNASEMA NINI?"

Ubao ukagongwa. "Dada, kuna usalama huko?"

"Chumvi!" Msusi alijibu. "Namwambia chumvi imeisha!"

"Saa hizi?" Mama Pacha alisema.

Kumwandikia kwenye simu alikataa. Habari ile si ya kuandikiwa mtu kama anaagizwa nyanya. Alitaka kuuona uso wake. Basi akapanga Jumapili, mikate ikishagawiwa, apande nyuma ya pikipiki, waende mbali, mahali pasipo na mtu wala mashine, amwambie hukohuko. Hata wateja wa siku hiyo aliwaambia waje siku nyingine.

Jumapili hiyohiyo Mama Mwenye Nyumba akaitisha kikao.

Walikaa uani, juu ya viti vya kuazimana. Wapangaji wote walikuwepo na majirani wa pande zote, hata msaga unga alimwachia mtu mashine akaja, na kwenye kiti cha mbele, kwa heshima ya kaka wa mwenye nyumba, akakaa Mzee wa Mikate mwenyewe, ameweka kofia gotini. Msusi alipomwona alisogeza kigoda chake karibu na mumewe. Radi alikaa kando yake, amevaa shati lile la kwenye kamba, ametulia kama mtu aliyekuja harusini.

Walisema. Kila mmoja alisema, na wengine walisemea juu ya wenzao. Kinyozi alisema kelele zinamfukuzia wateja, na redio yake ilikuwa inasikika mpaka hapo uani anaposema, lakini hilo hakuna aliyeliona. Mama Pacha alisimama na pacha mmoja begani. Hakutukana safari hii. Alisema tangu ajifungue hajalala usingizi wa kueleweka, kwamba jana alimwogesha mtoto huyohuyo mara mbili na mwenzake hakumwogesha kabisa, kwamba anaogopa siku moja atasinzia naye mkononi. Sauti ikamkatikia. Msusi alitazama chini. Angeweza kumjibu kila mtu pale, ila siyo huyo.

"Kwa hiyo, baba," Mama Mwenye Nyumba alimgeukia Radi. "Mimi nimekuvumilia, kaka yangu ndiye aliyekuleta, lakini maji yamenifika shingoni. Ama urudishe sailensa kama za wenzako, ama unirudishie chumba changu mwisho wa mwezi. Unachagua lipi?"

Akirudisha sailensa, hawezi kuendesha. Akiacha kuendesha, chumba atalipia nini? Msusi alikuwa anazungusha hayo kichwani, huku watu wote wakimtazama Radi, nao walinyamaza wakingoja. Lakini redio ya kinyozi haikunyamaza, na mashine ya unga ilikuwa inasaga. Radi aliona midomo imetulia na macho yote yako kwake, akajua zamu yake ya kusema imefika. Akasimama, akatabasamu tabasamu lake lile.

"NASHUKURU SANA," alisema. "NA NYIE MKARIBIE KWETU SIKU MOJA."

Kicheko kilichotoka hapo, kwa kweli hakikuwa kizuri. Kulikuwa na hasira ndani yake. "Anatufanya watoto wadogo!" mtu alipiga kelele nyuma. Mama Pacha akamsogelea machozi yakimtoka, amemwinua mtoto mbele yake kama ushahidi. "Mtazame! Mtazame huyu halafu unicheke!" Radi akamtazama mtoto, akamtekenya kidevu.

Watu wakaangua kicheko tena. Na Radi, alipoona meno ya watu, akacheka nao.

Kufukuzwa Msusi angekuvumilia. Njaa anaijua, wameshakutana. Lakini kumuona mume wake amesimama katikati ya watu wanaomcheka, anacheka nao, akidhani ni kicheko cha wote, hilo lilimshinda. Alisimama mpaka kigoda kikaanguka.

"Hasikii!" alisema. "Mnamcheka nini? Hasikii! Hajasikia hata neno moja tangu mkae hapa. Hajawahi kusikia matusi yenu hata siku moja. Ile sailensa aliitoboa ili aisikie pikipiki, basi! Na sisi hatugombani. Sijawahi kugombana na huyu mwanamume. Namwambia chai inapoa!"

Mama Pacha alimrudisha mtoto begani taratibu. Kofia ya Mzee wa Mikate ilikuwa imeanguka chini na hakuiokota.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla hujampa funguo," Msusi alisema. Sasa afiche ili iweje?

Radi hakusikia lolote kati ya hayo, lakini nyuso zilimwambia. Dakika ile walikuwa wanacheka, na sasa wanamtazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa, vichwa upande. Akamgeukia mkewe. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema kitu kwa sauti ya chini, hata aliyekaa kiti cha pili hakukipata.

"Umewaambia."

Akaiendea pikipiki iliyoegemezwa ukutani. Hakupiga kiki. Aliisukuma, akaitoa kwenye lango la uani, akashuka nayo barabarani kwa miguu, na ukimya wa pikipiki ile ukawa mbaya kuliko ngurumo yake.

Msusi alimkuta kwa Fundi Grisi, pale kati ya mchomeleaji na mashine ya unga, amekaa juu ya tairi kuukuu. Bomba la moshi lilikuwa limeshafunguliwa, liko chini.

"ZIRUDISHE VYUMA VYAKE ZOTE," Radi alikuwa anamwambia Fundi, na kwa uchungu ule hata ngeli zilimpotea. "IKIWA KIMYA UMPELEKEE MWENYEWE. MIMI SIIENDESHI TENA."

Msusi akamwita. Akamshika bega. Radi akageuka, akampa mgongo. Na kwa mtu asiyesikia, kukupa mgongo ni kufunga mlango na kutia komeo, hata ukilia nje hajui. Msusi alizunguka upande wa pili, naye akageuka tena. Akabaki amesimama pale, mikono inaning'inia, mwanamke mzima mwenye maneno yote duniani, hana pa kuyapeleka.

Wakati huo watu walikuwa wanateremka. Mbele Mzee wa Mikate na kofia yake mkononi, nyuma yake dada yake anahema, nyuma zaidi Mama Pacha na mapacha wote wawili, na wengine waliokuja kwa sababu wengine wamekuja. Mzee alijisogeza mpaka mbele ya Radi, akaanza kusema. Mashine ya unga ikamfunika. Akapaza sauti. Mchomeleaji naye akaweka chuma kwenye msumeno. Mzee akashika masikio yake mwenyewe.

"Hivi huyu mtu angesikia nini katika mtaa kama huu?" Mama Mwenye Nyumba alifoka. Ilikuwa kama ndiyo kwanza amehamia. "Wee mchomeleaji! Zima! Na huo unga, hautaoza, zimeni! Kinyozi, nenda kazime hilo liredio lako kabla sijakuja kulizima mimi!"

Watu walimjua. Msumeno uliimba kidogo, ukafa. Mashine ya unga ikashusha pumzi, ikasimama. Redio ilikatwa katikati ya tangazo. Mapacha, kwa maajabu yao wenyewe, walikuwa wamelala. Mtaa ukawa kimya kiasi cha kusikia bati likilalamika kwa jua, na wenyeji wakatazamana, wakaona aibu kidogo, kama watu waliowashiwa taa ghafla.

Radi alinyanyua kichwa. Akageuza lile sikio la kushoto huku na huku.

Mzee wa Mikate akachuchumaa kando ya tairi, magoti yakamlia. Alisema kwa sauti ya kawaida. "Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, mzee."

"Barabarani sikurudishi. Nisikudanganye. Nikikurudisha ukagongwa, mkeo nitamwangalia kwa jicho gani? Mpaka masikio yapimwe, na mwenye kujua aniambie. Mimi mwenyewe nitakupeleka." Akapangusa kofia. "Lakini hakuna duka lililowahi kuniambia mikate yako imechelewa. Mezani pa kukandia pana nafasi. Unaanza kesho. Na uje kwa miguu, dada yangu alale."

Radi alimtazama muda mrefu, kwenye midomo na kwenye macho, kuhakikisha kwamba vyote vinasema kitu kimoja. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kuuachia. Alitabasamu, lakini safari hii lilikuja polepole, tena lilikuja na machozi.

Watu wakapumua. Mama Pacha alikuja kumwomba radhi, akaanza kwa kuonyesha kwa mikono, akakumbuka kwamba sasa anasikia, akachanganyikiwa, akaishia kumpa pacha mmoja amshike. Msaga unga akaanza kurudi kwenye mashine yake.

"Subirini," Msusi alisema. "Msiwashe. Na mimi nina langu."

Alipiga magoti kwenye vumbi na mafuta ya Fundi. Radi alikuwa na mtoto wa watu mkononi, hakuweza kugeuka.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilikuapia, na nimekuvua nguo."

"Umenivua," Radi alisema. Alimtazama mtoto, hakumtazama yeye.

"Walikuwa wanakucheka. Na wewe ulikuwa unacheka nao. Sikuweza."

Radi akainamisha kichwa kidogo, na bega lake likaegemea la mkewe. Msusi alilijua bega hilo, ndivyo alivyosamehe siku zote. Ndipo akazungushia viganja vyake vyepesi kwenye sikio la kushoto, akauweka mdomo pale ndani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane mume wake akalisikia neno lake kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mke na mume, ambayo hata Mama Mwenye Nyumba aliyesimama hatua moja hakuipata.

Aliuona uso wake. Alichokitaka ni hicho, akakipata. Uliganda kwanza, halafu ukafunguka wote kwa pamoja, macho, mdomo, na mkunjo wa katikati ya paji.

"MIMBA?" Radi alisema.

Lo! Hakuna mashine iliyokuwa inasaga, wala chuma kilichokuwa kinakatwa, wala redio. Neno lilikwenda mpaka nyumba ya mwisho, likagonga ukuta, likarudi. Msusi alifumba macho. Aliwasikia wanawake wakivuta pumzi, na alijua kinachofuata, alikijua kwa sauti na kwa nguo za kitoto.

Mama Pacha alikuwa ameshafungua mdomo, ulimi uko tayari. Mama Mwenye Nyumba akamziba kwa kiganja.

Hakikutoka kigelegele hata kimoja. Mchomeleaji aliutazama msumeno wake. Kinyozi, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alivua sandali zake na kuondoka pekupeku. Mmoja mmoja walirudi walikotoka, wakitembea kama watu waliomwacha mtu amelala, na hakuna aliyemshika Msusi tumbo wala aliyemwambia neno. Mama Pacha alimchukua mwanawe polepole kutoka kwenye mikono ya Radi, akambusu Msusi kichwani, akaenda zake.

"MBONA WAMEONDOKA?" Radi aliuliza.

Msusi alicheka huku analia. Mashine ya unga haikuwashwa tena siku ile. Walipanda mtaa kwa miguu, wawili, pikipiki wameiacha kwa Fundi haina bomba, na njia nzima Msusi aliongea kwa sauti ya kawaida, na kila alichosema Radi alikisikia.